Leseni ya kandarasi za mabomba ya maji na maji taka Mombasa: nianzie wapi, na hiki cheti cha kukodi nikichukue?

fundi_wa_kisauni aliandika:

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii.

Mimi ni fundi wa mabomba. Kazi nilifundishwa na marehemu mjomba tangu nikiwa kijana, chuo sikupita. Kwetu ni Kisauni, wateja wangu wengi wako Nyali, Bamburi na Mtwapa: bafu, jikoni, tangi la juu, pampu ya kisima, mambo kama hayo. Jina la biashara nimelisajili na PIN ya KRA ninayo.

Sasa kuna wenye viwanja katika mtaa mmoja Bamburi wameungana. Wanataka bomba la maji la milimita 90 litoke kwenye bomba kuu la barabarani liingie mtaani mwao, halafu bomba la maji taka lipite nyuma ya nyumba zote hadi karo moja kubwa (tangi la maji taka la chini ya ardhi) mwisho wa mtaa. Makisio yangu yamefika kama shilingi milioni sita. Mwenyekiti wao nimemfanyia kazi mara nyingi na anataka kunipa mimi. Wakili wao ndiye aliyeweka ngumu. Ameandika kwamba mwanakandarasi lazima awe amesajiliwa na NCA (Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi) "katika fani husika na daraja linalotosha", na alete cheti pamoja na leseni ya mwaka huu.

Kuna jamaa ana kampuni ya kujenga majumba, cheti chake ni NCA5. Amesema niweke makaratasi yake, kazi nifanye mimi, nimkatie asilimia tano. Mwenyekiti hana neno mradi wakili aridhike. Je, hiyo ni sawa? Na kama nataka cha kwangu mwenyewe, mtu asiye na cheti cha chuo anaanzia wapi?

mjengo_tu aliandika:

Kaka, chukua hicho cheti kabla hajampa mwingine. NCA5 inaruhusu kazi ya hadi milioni mia, wewe una ya milioni sita. Hapo wakili atasema nini? Nusu ya vibao unavyoviona barabarani, mwenye jina kwenye kibao si yeye anayechimba. Fanya kazi, lipwa, halafu ndio ufikirie cha kwako.

rehema_mtaroni aliandika:

Fundi, usikichukue. Nitakueleza kwa urefu kwa sababu nimekaa kwenye mitaro hii muda mrefu nikiwa msimamizi wa kazi upande wa mwenye mradi, mabomba ya maji na ya maji taka, kuanzia Likoni hadi karibu na Malindi. Watu walioumizwa na cheti cha kukodi nimewaona kwa macho yangu, na karibu wote walikuwa mafundi wazuri kama wewe.

Kwanza, hicho cheti hakikufai hata ungepewa bure. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, yaani NCA, haisajili mtu kuwa mwanakandarasi wa kila kitu. Husajili kwa fani: majengo, barabara, maji, umeme na mitambo, kisha ndani ya kila fani kuna madaraja manane, NCA1 juu kabisa na NCA8 chini. Jamaa yako ana NCA5 ya majengo. Ndugu mjengo_tu amesema kweli kwamba hiyo inafika milioni 100, lakini ni milioni 100 ya nyumba. Bomba la milimita 90 linalokatwa kwenye bomba kuu na kupita chini ya barabara ni kazi ya maji. Wakili akiwa makini, na huyu kwa maneno aliyoyaandika yaonekana makini, atasoma neno lililo kando ya daraja na mazungumzo yataishia hapo. Na mwenyekiti aliyekuamini ataonekana amewaletea watu makaratasi ya uongo.

Hata kazi unayoifanya sasa haiko kwenye kapu moja na hiyo. Mabomba ya ndani ya nyumba, bafu na mifereji ya jikoni, yanahesabiwa upande wa mitambo kama kazi maalumu. Mafundi wengi hukosea hapa: wanajaza fomu ya mabomba ya ndani, wanapata cheti, halafu wakienda kuomba zabuni ya kulaza bomba la kilomita mbili wanakataliwa na hawajui kwa nini. Kama nia yako ni kutoka ndani ya nyumba uingie mtaroni, jaza fani ya maji tangu mwanzo.

Kuhusu daraja usiwe na wasiwasi. Katika kanuni za 2014, viwango vya barabara na kazi nyingine za kihandisi za nje viko juu kuliko vya majengo. NCA8 upande huo inafika shilingi milioni 20, NCA7 milioni 50, NCA6 milioni 100. Upande wa majengo NCA8 ni milioni 10, na kazi maalumu ni milioni 5. Kwa hiyo daraja la chini kabisa la fani ya maji linatosha kazi yako ya milioni sita na chenji inabaki. Huhitaji NCA5 ya mtu yeyote.

Sasa hiyo asilimia tano. Hesabu unayoifanya kichwani ni laki tatu zinatoka, nyingine zote zangu. Haiwi hivyo. Mkataba unasainiwa na kampuni iliyo kwenye cheti, kwa hiyo malipo yanaingia kwenye akaunti ya kampuni hiyo. Wewe huna karatasi hata moja inayosema unadai. Akiamua kukupa nusu, utamshtaki kwa mkataba gani? Na ukienda polisi au mahakamani utaanza kwa kukiri kwamba ulifanya kazi ya ukandarasi bila usajili, na Sheria ya NCA ya mwaka 2011 imeweka faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Mwenye cheti anajua hilo. Ndiyo maana anakaa kwa raha.

Nakupa mfano. Kulikuwa na kazi moja kaskazini ya hapa, bomba la HDPE (plastiki ngumu), mwenye cheti yuko mbali, na anayefanya kazi ni kijana mmoja hodari sana wa mikono. Siku ya kupima presha tulijaza maji, tukatoa hewa, tukapandisha hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi, tukafunga pampu. Geji ikaanza kushuka. Inashuka polepole, unaipigapiga kwa kidole ukitumaini imekwama, nayo inaendelea. Tulifuata mtaro kwa miguu hadi tukaona mchanga umelowa mahali pamoja. Tulipofukua, ule ukingo wa plastiki unaovimba pale vipande viwili vinapochomelewa ulikuwa mnene upande mmoja, na upande wa pili mwembamba kama uzi. Tukakata kiungo, ndani kuna vumbi. Mashine ya kuchomelea waliyoletewa ilikuwa ya kuazima, sahani yake haipati moto sawasawa, na yule kijana alikuwa ameshamwambia mwenye cheti mara nyingi tu. Hakusikilizwa, maana mwenye cheti hakuwa na haja ya kuja kuangalia.

Ilibidi viungo vyote virudiwe. Gharama ilimwangukia kijana, kwa sababu mwenye cheti alisema kosa ni la fundi. Malipo ya awamu ile yalipotoka yaliingia kwenye akaunti ya kampuni na kijana hakuyaona. Hata pesa inayozuiliwa hadi muda wa kasoro uishe, nayo ililipwa kwa kampuni. Barua ya kuthibitisha kazi imekamilika ilitoka kwa jina la kampuni. Kijana alilaza bomba zima na leo hawezi kulitaja kama kazi yake popote. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu barua kama hiyo ndiyo ingempandisha daraja.

Sasa njia yako. NCA husajili biashara, na wanachokitaka ni kwamba angalau mmoja wa wakurugenzi au washirika awe na ujuzi wa kiufundi wa fani hiyo unaothibitika kwa makaratasi. Kadiri daraja linavyopanda ndivyo elimu inayotakiwa inavyopanda; juu huko ni wahandisi, huku chini kwetu cheti cha ufundi au diploma pamoja na uzoefu hupewa nafasi. Kwa hiyo una milango miwili. Mmoja ni wewe mwenyewe kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Huo hauulizi ulisoma wapi, unapimwa kwa mikono, kuanzia daraja la tatu, la pili hadi la kwanza. Ukiwa nao unaweza pia kuandikishwa na NCA kama fundi stadi, kitu ambacho nakushauri ukifanye kwa vyovyote vile. Mlango wa pili ni kufungua kampuni na mtu mwenye diploma ya maji au ya ujenzi, awe mkurugenzi wa kweli, jina lake na hisa zake zionekane kwenye CR12, ile karatasi rasmi inayoorodhesha wakurugenzi na wenye hisa. Nasema wa kweli. Ukikodi diploma ya mtu umerudi palepale.

Maombi yanapitia mtandaoni. Watakutaka cheti cha kusajili kampuni, CR12, PIN, cheti cha kulipa kodi, vyeti vya huyo mtaalamu, orodha ya vifaa, taarifa za benki, na ushahidi wa kazi mlizofanya. Ukishasajiliwa unakuwa na karatasi mbili: cheti cha usajili, na leseni ya mwaka ambayo lazima ihuishwe. Wakili wako aliposema "cheti pamoja na leseni ya mwaka huu" alijua anachosema. Watu wengi wana cheti ukutani na leseni ilikufa zamani.

mjengo_tu aliandika:

Bi Rehema, sikubishii kuhusu fani, hilo sikulijua. Lakini huyu kazi iko mezani sasa. Mpaka afanye mtihani wa NITA, afungue kampuni, asubiri NCA, wenye viwanja watakuwa wameshamwita mtu mwingine.

rehema_mtaroni aliandika:

Ni kweli, kwa kazi hii ya sasa huenda usajili wake usiwahi. Lakini iko njia ya halali. Atafute kampuni yenye fani ya maji na leseni hai, hapa Mombasa zipo, aipeleke kwa mwenyekiti waziwazi. Kampuni isaini mkataba, iweke mhandisi au fundi mchundo wake, na yeye aajiriwe kwa barua kama fundi mkuu wa kazi hiyo, mshahara na marupurupu yaandikwe. Atapata pesa ndogo kuliko aliyoiota, lakini itakuwa yake kwa maandishi, na mwisho wa kazi aombe barua inayotaja jina lake, urefu wa bomba, kipenyo na alichokifanya. Akija kuomba usajili wake ana kitu cha kuonyesha.

Na fundi, nina swali ambalo naona hakuna aliyekuuliza. Hilo bomba la maji taka unalipeleka wapi?

fundi_wa_kisauni aliandika:

Ahsante sana Bi Rehema, Mungu akuzidishie. Hilo la fani limenifungua macho, maana jamaa aliniambia "NCA ni NCA".

Maji taka yanakwenda kwenye karo kubwa la pamoja, halafu shimo la kunyonya, maji yazame ardhini. Upande wetu hakuna bomba la umma la kuunganisha. Makaro ya nyumba moja moja nimejenga mengi, hili ni lilelile ila kubwa.

Halafu kuna jambo. Binti wa dada yangu amemaliza diploma ya uhandisi wa maji pale KEWI, chuo cha maji cha Nairobi, sasa yuko nyumbani Kisauni anatafuta kazi. Miaka yake haijafika thelathini. Hajawahi kukaa kwenye mtaro isipokuwa wakati wa mafunzo ya kazini. Anaweza kuwa huyo mkurugenzi? Sikutaka kumtaja mwanzo kwa sababu niliona kama namtumia.

zuhura_wa_zabuni aliandika:

Nipo Nairobi, kampuni yangu ni ya fani ya maji na nilianza NCA8. Kaka, huyo mpwa wako ni mali, ila panga mambo vizuri tangu siku ya kwanza.

Utasikia watu wakikuambia muweke binti awe mbele ili mpate zabuni za AGPO, zile asilimia 30 za ununuzi wa serikali zilizotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ni kweli zipo, na cheti cha AGPO hakilipiwi. Lakini masharti yake ni kwamba angalau asilimia 70 ya umiliki iwe ya kundi hilo, na uongozi wote uwe wao. Wewe mjomba mtu mzima ukikaa kama mkurugenzi, kampuni haifai tena kwa AGPO. Kwa hiyo muamue: ama kampuni ni ya binti na wewe ni mwajiriwa wake mwenye hisa chache, ama ni yenu wawili na AGPO mnaisahau. Zote mbili ni halali. Kisicho halali ni kumwandika yeye huku wewe ukishika kadi ya benki.

Mimi baba mmoja alitaka kunifanyia hivyo. Nilikuwa nimemaliza chuo, ananiita "mkurugenzi" mbele ya watu, na nyumbani nasainishwa hundi zisizo na tarakimu. Niliondoka. Binti akiwa mkurugenzi wa kiufundi, basi yeye ndiye anayewajibika kazi ikiharibika. Mpe mamlaka ya kusimamisha kazi, na umlipe. Ukifanya hivyo hutakuwa umemtumia.

Jambo jingine la zabuni za serikali: usikimbilie. Kaunti na wakala wa maji hulipa, lakini wakati mwingine hulipa wakati mafundi wako wamekwisha kutafuta kazi kwingine. Anzeni na kazi za watu binafsi kama hiyo ya Bamburi, mjenge akiba.

rehema_mtaroni aliandika:

Zuhura amesema maneno yangu yote, namshukuru.

Fundi, kwa diploma ya KEWI ya uhandisi wa maji, binti ana karatasi ya fani yenyewe. Atakachopungukiwa ni uzoefu, nao wewe unao. Fanya mtihani wako wa NITA hata hivyo, ili kampuni isisimame juu ya mguu mmoja. Siku binti akipata kazi ya serikali akaondoka, kampuni isiyo na mtaalamu inashindwa kuhuisha leseni.

Turudi kwenye karo, maana hapo sikubaliani na wewe kabisa. Karo la mtaa mzima halifanani na la nyumba moja lililokuzwa. Mtandao wa umma wa maji taka Mombasa uko kisiwani na sehemu za bara magharibi, na mtambo mkubwa uko Kipevu. Kisauni, Bamburi na Nyali mitaa mingi ni makaro na mashimo, na chini yetu ni matumbawe na mchanga. Matumbawe yana nyufa. Maji yanapita humo haraka bila kuchujwa, na watu haohao wanachota visima mita chache kutoka hapo. Kila mtu wa pwani anajua kipindupindu kikija kinapita wapi. Ukikusanya uchafu wa nyumba zote ukaushusha kwenye shimo moja la kunyonya, umechukua tatizo lililokuwa limetawanyika ukalimwaga mahali pamoja.

Kisheria pia mambo yanabadilika. Mfumo wa pamoja wa kusafisha na kumwaga maji taka unaingia kwenye sheria ya mazingira ya 1999, kwa hiyo NEMA, mamlaka ya mazingira, lazima waulizwe kabla ya jembe la kwanza: tathmini ya mazingira, na leseni ya kumwaga maji yaliyosafishwa. Mchoro wa mfumo huo uchorwe na mhandisi aliyesajiliwa na upitishwe na kaunti. Hiyo si kazi yako wala si ya binti bado, na gharama yake haimo kwenye milioni sita ulizowapa. Nenda ukamwambie mwenyekiti mapema. Bei ukiibadilisha sasa watakasirika siku mbili, lakini ukiibadilisha katikati ya kazi watasema umewaibia.

Mambo mengine niliyoona mafundi wakisahau wanapoingia barabarani: kibali cha kukata barabara hutoka kwa mwenye barabara. Kama ni barabara kuu ya kitaifa ni KeNHA, kama ni ya mjini iliyo chini ya KURA (mamlaka ya barabara za mijini) ni wao, zilizobaki ni kaunti, nao watakutoza gharama ya kurudisha lami. Kuunganisha kwenye bomba kuu ni ruhusa ya kampuni ya maji, na aghalabu mkono wa kukata bomba kuu ni wao wenyewe au wako ndani ya macho yao. Na mradi wenyewe husajiliwa NCA na mwenye mradi, hapa ni hao wenye viwanja. Mkaguzi akikuta hakuna kibao na hakuna usajili wa mradi, kazi husimama hata kama cheti chako hakina doa.

baharia_wa_chemba aliandika:

Nisameheni kuingilia. Mmeongea cheti na leseni, mimi naomba niseme la watu.

Nilifanya kazi ya kuzibua mabomba ya maji taka, na ndugu yangu mmoja wa kazi alifia ndani ya chemba, lile shimo la kuingilia kwenye bomba la maji taka. Kampuni iliyotuajiri siitaji. Alishuka kutoa tambara lililoziba, chemba yenyewe haikuwa na kina cha kutisha, mtu ungemgusa kichwa ukilala kifudifudi. Alishuka akisema harufu ni mbaya. Baada ya muda akasema sasa afadhali, harufu imepungua. Harufu haikuwa imepungua. Ile gesi ya mayai viza ikizidi, pua inakufa ganzi na huisikii tena. Akakaa chini kama mtu aliyechoka. Mwenzetu wa pili alitaka kuruka amtoe, tukamshika kwa nguvu, na hadi leo najua tungekuwa na maiti mbili.

Fundi, kabla hujasaini chochote nunua au ukodi kipima gesi. Chemba ya zamani ifunguliwe, na ile ya juu na ya chini yake pia, hewa ipite. Anayeshuka avae mshipi wenye kamba, na juu wawepo watu wawili wasio na kazi nyingine. Kamba ndiyo inayomtoa mtu, si mwenzake kumfuata. Na mtaro wako huko Bamburi ni mchanga: ukifika kifuani bila mbao za kuzuia kuta, usimteremshe mtoto wa mtu.

Sheria nayo ipo, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, na ile ya fidia ya ajali kazini, WIBA, ya mwaka huohuo, inayomtaka mwajiri awakatie wafanyakazi bima. Familia ya ndugu yangu ilihangaika kwa sababu hatukuwa na barua za kuajiriwa. Mwenye cheti alisema yeye hatujui sisi, na aliyetuita kazini hakuwa na kampuni.

rehema_mtaroni aliandika:

Pole sana baharia. Mungu amrehemu. Umesema jambo ambalo nililiacha, na ndilo lililopaswa kuwa la kwanza. Cheti cha kukodi kinaficha mwajiri ni nani, na mtu akifa ndipo watu hugundua hilo.

fundi_wa_kisauni aliandika:

Nimesoma yote pamoja na binti wa dada. Baharia, pole sana, nimeingiwa na baridi.

Nimempigia yule jamaa wa NCA5 nikamwambia hapana. Mwenyekiti nimemweleza la karo. Hakufurahi, lakini wakili wake alikuwa karibu na simu akasema hata yeye alikuwa na shaka na shimo la kunyonya. Wamekubali kugawa kazi: bomba la maji kwanza, la maji taka lisubiri mhandisi na NEMA. Kwa bomba la maji wameniambia niwaletee kampuni yenye fani ya maji, mimi niwe fundi mkuu.

Swali langu la mwisho, Bi Rehema. Nikienda kwa hiyo kampuni nidai nini kiandikwe kwenye barua, ili isiwe cheti cha kukodi kwa mlango wa nyuma?

rehema_mtaroni aliandika:

Vizuri sana mwanangu. Barua iseme hivi: wewe ni mwajiriwa wao kwa kazi hiyo, kuanzia tarehe fulani, kwa malipo fulani, yanalipwa lini. Vibarua wote waandikwe na kampuni, na bima ya WIBA iwataje au itaje idadi yao. Itaje mtaalamu wa kampuni atakayesimamia na siku atakazofika mtaroni. Asipokuwapo wakati wa kuchomelea na wakati wa kupima presha, usifukie. Vifaa vinunuliwe na kampuni na stakabadhi ziwe zao. Ukinunua hata vali moja kwa pesa yako, andika na wakusainie. Upimaji wa presha uandikwe kwa fomu, saa ya kuanza, geji ilisoma nini, saa ya kumaliza ilisoma nini, na jina lako liwe miongoni mwa waliosaini. Mwombe mkurugenzi akuruhusu uje na binti kama mwanafunzi wa kazi mwenye barua yake mwenyewe, ashike daftari la vipimo. Kampuni ikikataa barua hii, tafuta nyingine. Bado hujachelewa, mtaro haujachimbwa.